Aldéric Alikwama Kwenye Sitaki

Mume wangu Aldéric aliandika maneno mawili, kisha laptopu ikagoma. Maneno yenyewe yalikuwa haya: "Léona, sitaki". Léona ni mimi. Hataki nini, hilo lilibaki kwenye kidole chake, na daktari alikuwa ameahidi kupiga simu saa tisa kuchukua jibu. Ilikuwa Jumapili mchana, nje mvua ya barafu inachapa madirisha, na ndani tulikuwa mimi, yeye, na mashine iliyotukalia kimya mezani kama mgeni aliyenuna.

Aldéric hajasema neno kwa mdomo wake tangu msimu wa kuvua kaa uliopita. Ana ule ugonjwa unaoua misuli mmoja baada ya mwingine. Ulimwanzia mguuni, tukadhani ni uzee. Ukapanda mikononi, ukaingia kooni, na sasa umemwachia kidole kimoja cha mkono wa kulia, macho mawili, na ukaidi wake wote. Ukaidi haukuguswa hata kidogo. Kabla koo halijamfunga, watu wa hospitali walimketisha wakamrekodi, wakaitia sauti yake ndani ya laptopu, kwa hiyo akiandika kitu mashine hukitamka kwa sauti yake mwenyewe, pamoja na ule mkwaruzo wa sigara alizoniahidi kuacha.

Na sauti ile si sauti ya mtu hivi hivi. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akiita namba za bingo, ule mchezo wa bahati wa kufunika namba kwenye kadi, kwenye redio ya parokia. Hapa Anse-à-Zénon, kijiji chetu cha wavuvi, Jumapili jioni barabara zilikuwa zinabaki tupu, kila mtu yuko jikoni kwake na kadi zake anamsikiliza Aldéric. Wanawake walikuwa wakinisimamisha dukani kunilaumu kwa namba alizowanyima, utadhani nalala na lile tufe linalotoa namba mimi. Siku hizi namba zinaitwa na msichana mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, na kila akianza, Aldéric hufumba macho kwa uchungu.

Sasa mapafu nayo yameanza kuchoka. Daktari Haché alisema Jumanne ipo nafasi ya kumtoboa koo, kumwekea bomba na kumuunganisha na mashine ya kupumulia. Akikataa, zimebaki wiki chache, na baadaye hata akibadili nia mapafu hayatauhimili upasuaji. Tulipomuuliza ajibu kwa macho, mara ya kwanza aliyafumba, yaani ndiyo. Daktari aliporudi akayakodoa, yaani hapana. Daktari akaniambia, kwa ule upole wa watu waliozoea kuleta habari mbaya, kwamba kwa jambo zito namna hii macho hayamtoshi, anataka maneno ya Aldéric mwenyewe. Akishindwa kabisa kusema, mimi ndiye niliyeandikishwa kumsemea, nitaamua mimi.

Mimi nilishaamua zamani. Nilitaka bomba. Nilitaka bomba, na mashine, na kelele zake usiku kucha, na wauguzi wakiingia jikoni kwangu na mabuti yenye theluji, chochote kile, ili mradi kile kiti cha magurudumu kisibaki kitupu. Sioni aibu kusema. Tumeoana tangu mimi ni msichana wa kupakia kaa kiwandani, na sijui mtu analalaje kwenye nyumba ambayo Aldéric hayumo.

Kwa hiyo nilipoliona lile neno "sitaki" nilianza kubahatisha. Hataki bomba? Hataki kufa? Hataki tena mchuzi wangu wa kuku na viazi? Kwa jinsi ninavyomjua, yote matatu yaliwezekana.

Nilikuwa nimemwekea laptopu juu ya meza ya jikoni, mbele ya kiti chake. Siku zote naiinua kwa nyuma kwa katalogi nene ya duka, ili kidole chake kizifikie herufi za juu, ila asubuhi hiyo katalogi ilikuwa imeishia ndani ya jiko la kuni. Nikaona mfuko wangu wa bingo pale kwenye kiti, nikauchomeka chini ya laptopu. Ikalala vizuri kabisa. Alipofika kwenye neno la pili niliona inayumba, nikausukuma mfuko ndani zaidi, nikamwambia, haya mzee, endelea. Kidole kikagonga. Kioo kikabaki vilevile.

Nikagonga mimi. Hakuna kitu. Nikapapasa ile padi ya chini inayoongoza kishale, kishale kikakaa palepale katikati, hakisogei kushoto wala kulia. Nikafuta padi kwa aproni, nikafuta kidole changu, nikafuta kidole chake. Nikachomoa chaji nikachomeka tena. Kioo kilikuwa kinawaka kwa raha zake, maneno yake mawili yako pale yananitazama, na hakuna herufi hata moja iliyotaka kuyafuata. Aldéric alikuwa ameinamisha macho, akitazama chini upande wa kushoto, halafu ananitazama mimi, halafu chini tena. Nilidhani anasikitikia kidole chake.

Simu ya mkononi ninayo, lakini kwenye kile kioo chake laini kidole cha Aldéric kinateleza, tulishajaribu. Na sauti yake haimo humo. Sauti yake imo kwenye laptopu tu. Nikampigia Mylène, binti yetu, aliyeko Alberta kwenye visima vya mafuta. Alikuwa kwenye mapumziko ya kazi, upepo unavuma nyuma yake.

"Mama, tulia kwanza. Umeimwagia kitu?"

"Bado. Machozi yako njiani."

"Kule juu kuna kitufe chenye alama ya padi. Kibonyeze pamoja na kile cha pembeni chini kilichoandikwa Fn."

"Mylène, nimebonyeza vyote. Nimebonyeza mpaka vya jiko."

Akanipeleka huku na huku. Bonyeza hiki, shikilia kile, hesabu pole pole, achia. Nilitii kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Mwishoni akasema haiwezekani bila kuizima, nishikilie kitufe cha kuwashia mpaka kioo kiwe cheusi. Nikamwambia nikiizima maneno ya baba yake yatapotea.

"Maneno gani?"

"Ameandika 'Léona, sitaki'."

Mylène akapaza sauti juu ya upepo.

"Sitaki nini?"

"Ndiyo sababu nimekupigia."

Nilimsikia akivuta kamasi. Akasema, "Izime, mama. Ataandika tena." Nikayatazama yale maneno mawili mara ya mwisho, nikashikilia kitufe, yakazimika. Hicho kitufe ndicho pekee kilichokuwa bado kinanisikiliza ndani ya nyumba ile.

Ikawaka upya, ikafika kwenye kile kisanduku cha neno la siri, ikasimama. Neno la siri nalijua, nililitunga mwenyewe kwa jina la mbwa wetu aliyekufa, lakini herufi zilikuwa vilevile, zimekufa zote. Tulikuwa tumetoka kwenye maneno mawili tukafika kwenye sifuri. Mylène akasema msimamizi anamwita, akasema ananipenda, akakata. Nikabaki na hasira nisiyojua nimtupie nani, nikaitupia sufuria.

Kuna ubao wa herufi waliotupa hospitalini. Unamwonyesha mgonjwa herufi moja moja naye anafumba macho ukifika penyewe. Aldéric aliuchukia tangu siku ya kwanza, lakini shida haina adabu, nikautoa nyuma ya friji, nikampigia magoti. A, mume wangu? B? Hakuutazama hata. Macho yake yaliniruka, yakapita ubao, yakaenda chini kushoto kulekule. Nikamwambia, Aldéric, leo si siku ya maringo. Yakaenda kulekule tena. Nikautupa ubao juu ya friji, nikalia kidogo nimegeukia dirisha, maana sipendi anione.

Ndipo alipoingia Théotime, mdogo wake, niliyekuwa nimemtumia ujumbe. Siku hizo alikuwa bandani kwake akitengeneza madema ya kutegea kaa, msimu unakaribia, kwa hiyo alikuja ananuka kamba na lami, bisibisi mfukoni. Théotime ni mtu ambaye hajawahi kukutana na kitu kilichoharibika akakiacha kama alivyokikuta. Kwa kawaida anakiacha kibaya zaidi. Lakini nilikuwa nimefika mahali pa kumpokea hata yeye kwa mikono miwili.

Akavua kofia, akambusu kaka yake kwenye paji la uso, akaniuliza ilianzaje. Nikamweleza. Akainama, akaipulizia laptopu kwa mdomo mpaka mashavu yakawa mekundu.

"Shem, hii imejaa makombo ya biskuti. Mnaandika humu au mnakula humu?"

"Fanya kazi, Théotime."

Akainyanyua, akaigeuza kichwa chini, akaitikisa juu ya meza kama mtu anayemwaga mchanga kwenye buti. Yakatoka makombo, ukatoka na unywele wangu mmoja mweupe. Akaigeuza, akairudisha palepale ilipokuwa, juu ya mfuko. Akagonga herufi. Kimya. Akatazama skrubu za chini, akasema bisibisi yake ni kubwa mno. Akakaa, akakuna ndevu, akamtazama kaka yake, kisha akanitazama mimi.

"Shem, kwa nini usimuulize tu?"

"Nimuulize nini?"

"Kwa macho. Unataka bomba au hutaki. Kufumba na kukodoa, basi."

"Daktari amekataa macho."

"Simzungumzii daktari. Nakuzungumzia wewe."

Nilichukua kijiti cha meno nikaanza kuchokonoa uchafu kati ya herufi, kwa bidii sana, kana kwamba ndio uliomfunga mume wangu kinywa. Ukweli ni kwamba tangu asubuhi sikuwa nimemuuliza. Laptopu iliyoharibika niliweza kuivumilia. Macho yake yakikodoka mbele yangu nisingeweza, kwa sababu hapo ningekuwa nimejua, na saa tisa ingekuwa bado haijafika.

Théotime akamuuliza mwenyewe. Akachutama mbele ya kiti, akamshika magoti, akasema, "Kaka, unataka wakuwekee lile bomba?" Nikaacha kuchokonoa. Aldéric hakufumba, hakukodoa. Alitazama chini kushoto, kwenye ukingo wa meza, akakaza macho huko mpaka machozi yakamlengalenga.

"Amekataa kujibu," akasema Théotime.

"Mkaidi tangu kuzaliwa," nikasema mimi, na nilikuwa nimepata ahueni, Mungu anisamehe.

Théotime akakumbuka ana kibodi ya zamani bandani, ile ya kompyuta kubwa iliyokufa, yenye waya wa kuchomeka. Akasema tukiichomeka hiyo tutaingiza neno la siri, na kaka yake ataandika kwa hiyo hiyo. Nikamwambia barabara imekuwa kioo kitupu. Akasema amevuka barafu mbaya zaidi akiwa amelewa. Akavaa kofia, akatoka, nikalisikia gari lake likiteleza kwenye kona ya kanisa.

Tukabaki wawili. Saa ya ukutani ilikuwa inaikaribia tisa bila haya. Kutoka hapa hadi bandani kwa Théotime, siku kavu, si mbali. Siku ile ilikuwa safari. Nilianza kuongea na Aldéric kwa sauti, maneno ya ovyo. Nikamwambia angeandika mapema. Nikamwambia wiki nzima alikuwa na kidole na laptopu nzima, akaandika habari za hoki, akaandika supu haina chumvi, akangoja Jumapili. Nikamwambia anaona sasa. Kisha nikamwomba radhi, kisha nikamkaripia tena. Yeye akatazama chini kushoto.

Nikainyanyua laptopu mezani, nikaketi nayo mapajani kwenye kiti cha pembeni ya jiko. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kukishika kitu kilichobeba sauti yake. Halafu hasira ikanipanda upya, nikaipiga ngumi katikati ya herufi kama mtu anayebisha mlango wa jirani aliyemkasirikia. Kwenye kisanduku cha neno la siri vikatokea vidoti vyeusi, mstari mzima.

Nikatazama. Nikagonga herufi moja, kikaongezeka kidoti kimoja. Nilitoa sauti ambayo hata mbwa angeikimbia, nikairudisha mezani mbio ili tuanze. Nikagonga. Kimya. Nikainyanyua, vidoti. Nikaishusha, kimya. Mimi si mjinga, huwa nachelewa tu. Niliishusha tena taratibu huku kidole kikigonga, na nilipoukaribia ule mfuko, vidoti vikakoma.

Nikauvuta mfuko. Ndani yake mlikuwa na kijiti changu cha sumaku, ambacho kila mwanamke wa hapa anacho. Vile vidude vya plastiki tunavyofunikia namba kwenye kadi vina ukingo wa chuma. Mchezo ukiisha unapitisha kijiti juu ya kadi, vyote vinarukia kijitini, umemaliza. Nilipokitoa kilikuwa kimejaa vidude kama kichaka kilichojaa matunda. Mylène alinieleza baadaye kwamba laptopu hujua imefungwa kwa kuhisi sumaku ndogo ya kifuniko chake, na ikidhani imefungwa inazima herufi na padi. Hospitalini walikuwa wameiwekea isilale hata ikifungwa, sauti ya Aldéric isije ikakatika, ndiyo maana kioo kilibaki kinawaka na kutudanganya. Saa ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nilimziba mume wangu mdomo kwa mfuko wa bingo.

Nikageuka kumwonyesha. Alikuwa anautazama mfuko mkononi mwangu. Akayapandisha macho mpaka kwenye uso wangu, akayafumba, pole pole, akayafumbua. Ndiyo. Alijua. Kutoka pale alipokaa aliona ncha ya mfuko imechomoza upande wa kushoto wa laptopu, na mtu aliyeishi na bingo maisha yake yote alikuwa ameshapiga hesabu. Mchana mzima alikuwa ananionyesha kwa kitu pekee alichobaki nacho, nasi tukamwita mkaidi.

Ningefurahi. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilitazama saa, na wazo likaja limeshavaa viatu, tayari kuondoka na mimi. Aliyejua kilichoiua laptopu ni mimi na yeye tu. Neno la siri nalijua mimi peke yangu. Mylène yuko kazini, Théotime yuko barabarani, na kwenye barafu ile asingewahi. Simu ikilia nitasema mashine imekufa, hawezi kusema. Daktari ataniuliza mimi. Nami nitasema bomba. Jumanne watamtoboa, na Jumatano nitaamka niko na mume.

Niliurudisha mfuko. Siwezi kusema mkono uliteleza. Nilikitia kijiti ndani, nikaufunga, nikauchomeka chini ya laptopu palepale, nikausukuma mpaka ndani, nikaketi, nikaweka mikono mapajani.

Nilingoja anikasirikie. Macho ya Aldéric yanajua kukasirika, na yakikasirika na mimi najua kupigana nayo, tumefanya hivyo miaka yote. Hayakukasirika. Kidole chake, kile kimoja, kikaanza kusogea. Kilijivuta kutoka kwenye herufi, kikashuka ukingo wa laptopu, kikalala juu ya meza. Akakiacha hapo. Hakuwa ananionyesha kitu tena.

Hilo ndilo lililonishinda. Nilikuwa tayari kuishi na mtu anayenichukia. Mtu aliyeacha kunisemesha, na mashine inampumulia, na miaka iko mbele yetu, huyo sikumtaka hata mimi. Nikauvuta ule mfuko kwa nguvu, nikafungua mlango wa nyuma, nikautupa nje kwenye barafu. Upepo ukajaa jikoni, nikarudi kwenye laptopu, nikakosea neno la siri, nikakosea tena, nikaandika jina la mbwa herufi kwa herufi kama mtoto. Ikafunguka. Nikakiinua kidole chake kwa vidole vyangu viwili, nikakirudisha mahali pake.

Aliandika. Huwa anachelewa, kila herufi ni mlima, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake nisione kioo, kwa sababu sikutaka kusoma. Nilitaka aniambie. Kitufe cha mwisho kikagongwa, na sauti ya Aldéric, ile iliyojaza majiko yote ya ghuba hii, ikasema jikoni kwangu:

"Léona, sitaki bomba. Nilitaka uwe wa kwanza kusikia."

Sikujibu kwa heshima. Nilimwambia ni mbinafsi. Nilimwambia ananiacha na nyumba yenye madirisha mabovu na mdogo wake. Nilimwambia nitamzika, na yule msichana wa redio ndiye atakayesoma masomo kwenye misa ya mazishi. Nililia kwa sauti nimelaza uso kwenye bega lake, bega lisilo na nyama tena, nikamtukana matusi ambayo mama yangu alinifundisha bila kujua. Nikasikia kidole kinagonga, kinagonga, na sauti ikasema juu ya kichwa changu:

"Tukana tu. Bado nipo."

Simu ya ukutani ikalia.

Nikafuta uso kwa aproni, nikapokea. Alikuwa daktari Haché. Kwa ile mvua, laini ya simu ilikuwa inakwaruza kama mtu anakaanga kitu ndani ya waya. Akaniuliza hali, akaniuliza kama Aldéric yuko tayari. Nikasema yuko tayari. Nikauvuta waya wa simu mpaka ulipofikia, nikauweka mkono wa simu karibu na laptopu. Mlango wa mbele ukafunguka, Théotime akasimama kizingitini, kibodi ya zamani imechomoza kwenye koti, maji yanamchuruzika. Nikamwashiria asisogee.

Aldéric akaandika maneno mawili, akabonyeza. Sauti ikayasema, wazi kabisa, hata Théotime aliyasikia, nikaona anaivua kofia yake. Nikairudisha simu sikioni.

"Bibi Léona," akasema daktari, "laini ni mbaya. Sauti yake nimeisikia, maneno sikuyapata. Amesemaje?"

Nilimtazama Aldéric. Maneno yalikuwa bado yako kwenye kioo, na kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Angeweza kubonyeza mara ya pili nami ningeisogeza simu. Hakubonyeza. Alinitazama, akangoja, na daktari upande wa pili akangoja pia.

"Amesema hataki," nikasema.

Daktari akaniuliza kama nina uhakika. Nikamjibu ndiyo, nimemsikia mwenyewe.